Mama wa babu aliyebatizwa Mariamu: utampata vipi?

Swali la msomaji wa Dodoma mjini: "Mama mzazi wa babu yangu mzaa baba alibatizwa Mariamu na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) maeneo ya Mpwapwa, akiwa tayari mtu mzima. Wazee wanasema alifika akiwa msichana, akitokea upande jua linakozama. Jina lake la zamani hakuna anayelijua. Nina kadi ya ubatizo ya babu ya mwaka 1908 na Biblia ya nyumbani yenye orodha ya watoto. Dada mkubwa wa babu alikuwa na mtoto mgongoni wakati wa njaa ya Mtunya. Nianzie wapi?"

Jibu

Ndugu yangu, jina Mariamu ndilo litakalokupotezea muda kuliko kitu kingine chochote. Katika daftari moja la ubatizo la enzi hizo utakuta akina Mariamu wengi, na ukimchukua wa kwanza unayemwona utakuwa umejipatia bibi wa watu wengine. Kwa sasa liweke jina kando. Mtafute kama mama wa binti zake na kama dada wa mtu fulani. Mwanamke wa karne ya 19 aliandikwa mara chache kama yeye mwenyewe, lakini kila alipozaa na kila binti yake alipoolewa, kuna mtu aliyelazimika kumtaja.

Kwanza vikague vitu ulivyonavyo, kwa sababu vinaweza kukudanganya. Shika ile kadi ya babu uisome maandishi yaliyochapwa, si yale ya mkono tu. Kama juu yake pamechapwa jina la Dayosisi ya Central Tanganyika, kadi hiyo haikujazwa mwaka 1908, maana dayosisi hiyo ilianzishwa mwaka 1927. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa chini ya Askofu wa Mombasa. Basi mwaka 1908 ni tarehe ya ubatizo, na kadi ni nakala iliyotolewa miaka mingi baadaye, pengine babu alipotaka kuoa au kuandikisha mtoto shuleni. Aliyenakili anaweza kuwa amelifupisha jina la mama. Angalia kama kuna namba pembeni au kwenye kona. Hiyo huwa ni namba ya mstari katika daftari mama, nayo ina thamani kuliko maneno yote mengine ya kadi.

Biblia nayo itazame chini ya mwanga wa dirishani. Majina ya watoto yakiwa yameandikwa yote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, yaliandikwa siku moja kutoka kichwani. Na kama wino wenyewe ni wa biki, jua orodha iliandikwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa kalamu hizo zilianza kuuzwa kwa wingi baada ya 1945. Orodha ya namna hiyo mpangilio wake wa kuzaliwa huwa sahihi, kwa maana familia haisahau nani ni mkubwa wa nani, ila miaka yake ni ya kukadiria. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, pamoja na kurasa tupu, kisha uifunge. Usipeleke karatasi kuukuu kulaminishwa. Joto na gundi huiharibu karatasi, na ikishaingia humo haitoki tena.

Sasa tupange umri wake. Mwanamke huzaa kati ya miaka 15 na 45 hivi. Kama babu alibatizwa mchanga mwaka 1908, mama yake alizaliwa kati ya 1863 na 1893. Umesema dada wa babu alikuwa na mtoto mgongoni wakati wa Mtunya. Njaa hiyo ilishika Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza, na ilikuwa kali zaidi mwaka 1918 hadi 1920. Kama dada huyo alikuwa na miaka 16 au zaidi mwaka 1919, alizaliwa 1903 au kabla, na mama yao 1888 au kabla. Kwa ushahidi wa mtoto mmoja wa mgongoni umeshapunguza miaka mitano.

Endelea kupunguza kwa matukio ambayo Mariamu alisimulia kuwa aliyaona. Sotoka iliua ng'ombe wa Ugogo mwaka 1890 na 1891. Nzige na njaa vilifuata katikati ya miaka ya 1890, na ni katika muongo huohuo tekenya walienea huku bara. Kodi ya vibanda ya Wajerumani ilianza 1898. Reli ilifika Dodoma 1910. Kwa hiyo kama wajukuu wanakumbuka akisema, "sotoka ilinikuta naenda kisimani peke yangu," mpe miaka minane hadi kumi wakati huo, na kuzaliwa kwake kunaangukia 1880 hadi 1883. Nyota yenye mkia ni alama nzuri, lakini iangalie vizuri: kulikuwa na moja kubwa sana mwaka 1882 na nyingine 1910. Aliyeiona akiwa na mtoto mgongoni na aliyeiona akiwa yeye mgongoni wametengana kizazi kizima.

Ng'ombe wa mahari

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na watu wengi hupapita mbio wakakimbilia ofisini. Ugogoni mahari ni mifugo, na mahari ya binti haibaki yote kwa baba yake. Kuna mgawo wa upande wa mama, unaokwenda kwa wajomba wa bibi harusi, yaani kaka za mama yake na ndugu zao. Huyo dada wa babu alipoolewa, tuseme kati ya 1915 na 1919, ilibidi mgawo huo uende kwa mtu. Mtu huyo ni nani? Swali hilo litakuambia mengi kuliko kuuliza "Mariamu alizaliwa wapi?", ambalo wazee watakujibu kwa neno moja tu: "Mbali."

Ukiambiwa ng'ombe walipelekwa kwa mjomba wa Kilimatinde, Manyoni au kwingineko magharibi, una mahali pa kwenda na ukoo wa kuulizia, na ule upande wa jua kuzama umepata jina. Ukiambiwa walipokelewa na mzee jirani au mwalimu wa misheni, basi huyo alisimama badala ya kaka, na kuna uwezekano mkubwa kuwa Mariamu alifika pasipo ndugu. Ukiambiwa kila kitu kilibaki kwa ukoo wa babu yako, maana yake inakaribiana na hiyo, au yeye mwenyewe aliolewa bila mahari kamili. Na kama kwenu hakuna anayekumbuka chochote, vuka uende kwa waliooa. Aliyelipa hasahau. Wajukuu wa bwana harusi wanaweza kukutajia idadi, rangi za ng'ombe na mbuzi waliobaki kama deni, pamoja na jina la aliyekuja kuwaswaga.

Uliza pia mwiko wa ukoo wake. Ukoo, kwa Kigogo mbeyu, hufuata baba, na mke haachi ukoo wake kwa kuolewa. Kama Mariamu hakula nyama au kiungo fulani ambacho wengine nyumbani walikula, mwiko huo aliuleta kutoka kwao. Vivyo hivyo lugha aliyobembelezea watoto. Mjukuu anaweza kuwa haelewi maneno ya wimbo lakini akawa bado anayatamka. Mrekodi akiuimba, usimkatize kuuliza maana, kisha msikilizishe mtu wa Unyamwezi, wa Ukimbu na wa Unyaturu, kila mmoja peke yake.

Wahoji wazee mmoja mmoja. Ukiwakalisha pamoja, mwenye sauti kubwa huwasahihisha wenzake, na jioni utakuwa na habari moja badala ya nne. Ukishawaamkia mbukwenyi na kukaa, weka simu katika hali ya ndege ili isikatizwe, taja kwa sauti tarehe, mahali na jina la msemaji, kisha rekodi kwa muda usiozidi saa moja. Waanze wazao wa binti za Mariamu kabla ya wazao wa wanawe. Hao mara nyingi husahaulika kwa kuwa "wako kwa watu", na ndio walioishi jikoni pamoja naye.

Kuna jambo la kulishika kwa mikono miwili. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakata Ugogo hadi Tabora na Ujiji, na vituo vya misheni vilipokea watu waliotoroka utumwani na watoto waliokombolewa. Wakati wa njaa kuna familia zilizoweka watoto rehani kwa nafaka. Wazee wakikuambia "alichukuliwa na misafara", au "alikaa kwa watu", au "alikombolewa", liandike neno hilohilo lilivyotamkwa, kwani kila moja lina hali yake. Usilitaje wewe neno "mtumwa" mbele ya ukumbi uliojaa watu. Ziko koo ambazo bado huona fedheha, na mzee akinyamaza kwa ajili ya neno lako hataendelea kesho. Uliza hivi: "Alipofika hapa, alifikia nyumba ya nani?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na jibu lake ndilo unalolihitaji.

Daftari la ubatizo

Kwa upande wa CMS, vituo vya mwanzo vya eneo lenu vilikuwa Mpwapwa na Kisokwe, na Mamboya upande wa mashariki. Kongwa, Mvumi na Buigiri vilifuata. Mipaka ya dayosisi imebadilika tangu hapo. Mpwapwa ina dayosisi yake ya Kianglikana sasa, na Mamboya iko upande wa Morogoro, kwa hiyo usishangae ukiambiwa Dodoma hawana kitu. Anza na kasisi wa parishi ya kituo chenyewe, kisha katibu wa dayosisi. Beba barua ya utambulisho kutoka kwa kasisi wako, kitambulisho, ile namba ya kwenye kadi, na penseli. Kalamu ya wino usiitoe mfukoni karibu na daftari la miaka mia moja.

Mstari wa mtu mzima aliyebatizwa kwa kawaida una tarehe, jina la ubatizo, jina la zamani, umri wa kukadiria, makazi, na majina ya wadhamini au mashahidi. Mstari wa mtoto una majina ya baba na mama. Anza na mstari wa babu wa 1908, usome jina la mama lilivyoandikwa. Kisha tafuta ndugu zake wote waliobatizwa, kwa maana mama mmoja anaweza kuandikwa kwa jina lake la zamani kwa mtoto wa kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa bado hajabatizwa, kisha Mariamu kwa wa pili, na Miriamu kwa wa tatu. Huyo wa kwanza ndiye dhahabu yako. Ubatizo wa mtoto uliotangulia ubatizo wa mama ndipo jina lililofichika hujitokeza.

Baada ya hapo fungua daftari la ndoa. Watu wengi hulipuuza, nalo ndilo lenye safu ya jina la baba wa bibi harusi. Wenzi waliooana kimila mara nyingi walifungishwa ndoa kanisani baada ya wote wawili kubatizwa, kwa hiyo usitafute kabla ya kuzaliwa watoto tu. Tafuta hata miaka kumi au zaidi baadaye. Safu ya baba ikiwa na mstari mtupu, huo nao ni ushahidi: aliulizwa, akawa hana wa kumtaja, au hakutaka.

Usome pia mistari ya juu na ya chini. Wakatekumeni, yaani waliokuwa wakiandaliwa kubatizwa, walifundishwa kwa makundi na wakabatizwa siku moja, na waliotoka mahali pamoja waliandamana. Nakili siku nzima, si mstari mmoja. Ukiona wanawake watatu wana mdhamini mmoja na makazi mamoja, watafute wazao wa wale wawili wengine. Huenda wao wanajua safari ambayo kwenu imesahaulika.

Ili useme Mariamu huyu ndiye, dai mambo matatu yakubaliane: jina la mume, jina la angalau mtoto mmoja, na mahali. Mawili hayatoshi. Umri usiutegemee, maana mwandishi alimtazama mtu usoni akaandika 20, 25 au 30. Herufi nazo zichezeshe: l na r hubadilishana, kwa hiyo Maliamu ni yuleyule, na Yohana anaweza kuwa Johana au Yohane.

Utakutana na mapengo, na yana sababu zake. Kituo cha Mpwapwa kiliharibiwa mwaka 1889 wakati wa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani. Katika Vita vya Kwanza Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa CMS kwa kuwa walikuwa Waingereza, na kazi ya kuandika ikayumba kuanzia 1914. Mtunya ikafuata na watu wakatawanyika. Pengo la miaka hiyo halimaanishi kuwa familia yenu haikuwepo. Barua na ripoti ambazo wamisionari wa CMS walizituma kwao zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na humo wanawake waliofika kituoni hutajwa wakati mwingine kwa jina na kisa kizima. Omba miaka michache na kituo kimoja, si "habari za Ugogo".

Ikiwa njia itakupeleka kwa Wakatoliki, uliza kitabu cha ubatizo cha parokia na usome pembeni mwa mstari: ndoa na kipaimara huandikwa hapo. Lugha ni Kilatini. Filia ni binti wa, circiter ni takriban, uxor ni mke, na in periculo mortis ni ubatizo wa hatarini, jambo linaloeleza kwa nini hakuna mafundisho wala kundi.

Kwa Waislamu wa Mpwapwa, Kilimatinde au Kondoa hali ni nzuri zaidi katika jambo moja: mwanamke huitwa kwa baba yake, binti fulani, na katika hati ya ndoa hubaki hivyo. Ila "binti Abdallah" ipokee kwa tahadhari. Jina hilo walipewa pia waliosilimu au waliokombolewa ambao baba zao hawakujulikana. Mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, uzidishe kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka 1310 unakupa 1892 hadi 1893.

Nyaraka za Serikali zije mwisho. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa waliokuwa watumwa, na humo mwanamke huonekana kwa jina lake. Tafuta mahali kwa tahajia yao: ch ni tsch, sh ni sch, v mara nyingi ni w, y ni j. Katika mwandiko wao wa kale e hufanana sana na n. Kwa enzi ya Mwingereza, madaftari ya mashauri ya mabaraza ya wenyeji, pale yaliposalia, yana kesi za mahari zenye jina la mke, la baba yake na idadi ya ng'ombe. Ukishampata mjomba kwa njia ya wazee, hapo ndipo pa kumthibitishia.

Kuhusu vipimo vya vinasaba (DNA), usitoe hela bado. Vinasaba vya mstari wa mama hupita kwa mama kwenda kwa watoto wote, lakini mwanamume havirithishi. Babu yako alivipata kwa Mariamu, vikaishia kwake. Kipimo chako wewe kitaeleza mama yako na bibi zake, si Mariamu. Anayevibeba leo ni mzao wa dada wa babu kwa njia ya wanawake watupu: binti yake, binti wa binti yake, na kuendelea, na wa mwisho anaweza kuwa wa kiume. Hata akipatikana, matokeo hayatataja kabila la Mariamu. Yatakuonyesha watu wenye asili moja naye kwa upande wa mama. Hapa nchini sampuli za vinasaba vya binadamu zina sheria yake ya mwaka 2009, kwa hiyo uliza kwanza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kutuma chochote nje.

Mahali napo pana mtego wake. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha watu kutoka kwenye matembe (nyumba za udongo za Kigogo) yaliyotawanyika na kuwaingiza katika vijiji. Kijiji kinachotajwa na wazee leo huenda kisiwe pale Mariamu alipoishi. Waombe wakupeleke kwenye mahame, pale penye mawe ya msingi, mawe ya kusagia na makaburi, na uhifadhi alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu. Nenda kati ya Julai na Oktoba. Mavuno ya uwele na mtama yanakuwa yamekwisha na wazee wana nafasi, nyasi zimelala kiasi cha kuyaona mawe, na korongo la njiani halina maji. Mtangulize dada wa ukoo aliye mkubwa kuliko wote, hata kama hatembei vizuri na itabidi akodiwe bajaji. Atakaa chini ya mbuyu akiwaelekeza kwa mkono mlango ulikuwa wapi, zizi lilikuwa wapi, na Mariamu alikuwa akianika uwele upande gani.